Usiku wa Oktoba 31: gemu gani ya kutisha tucheze watu watatu kwenye kompyuta moja, na mmoja wetu hataki kukurupushwa?

Dada_wa_Kwanza

Wakuu, salaam. Naomba ushauri, na nitaeleza kwa urefu kidogo ili msinipe zile orodha za "magemu ishirini ya kutisha", maana nimeshazisoma zote.

Tuko watatu, mimi na wadogo zangu wawili wa kiume. Kila mwaka usiku wa Halloween tunazima taa, tunakaa mbele ya laptopu moja na kucheza gemu ya kutisha hadi usingizi utushinde. Mmoja anashika kibodi, akifa anampisha mwingine. Hatujawahi kuruka mwaka.

Mwaka jana mambo yaliharibika. Tulichukua gemu moja ambayo kila ukikosea, kitu kinakurukia usoni na mlio wa kupasua masikio. Mara ya kwanza tulipiga kelele sote. Mara ya tatu, kitinda mimba wetu (ana miaka 19) alivua hedifoni, akaziweka mezani taratibu, akaenda kulala bila kusema neno. Angezitupa ningejua ni hasira za usiku ule tu. Kule kuziweka taratibu ndiko kulikoniuma. Tangu siku hiyo nikimtajia Oktoba ananijibu, "Chezeni ninyi."

Na huyu si mtu mwoga. Anasoma hadithi za mizimu usiku wa manane akiwa peke yake chumbani. Haogopi kuogopa, anachochukia ni kukurupushwa. Nami nilichelewa kuona kwamba hivyo ni vitu viwili tofauti.

Laptopu yetu ni ya mitumba, RAM GB 8, haina kadi ya grafiki ya peke yake. Kibodi moja, kipanya kimoja. Tunacheza kama saa tano hivi, kuanzia saa tatu usiku. Nataka gemu itakayomrudisha mdogo wangu mezani, lakini isiwe ya kitoto, maana huyo wa kati atasinzia.

KibodiMoja

Phasmophobia, dada. Mnakuwa wawindaji wa mizimu, hadi watu wanne, mnaingia kwenye nyumba na vifaa vyenu: kipimajoto, redio ya kuzungumza na mzimu, kamera. Kazi yenu ni kujua ni mzimu wa aina gani na kutoka mkiwa hai. Gemu inasikiliza maikrofoni yenu, kwa hiyo ukiuliza kwa sauti "uko wapi?" mzimu unaweza kukujibu. Ilitoka 2020 na watu wanaicheza mpaka leo. Hakuna gemu ya pamoja inayoifikia kwa Halloween.

Dada_wa_Kwanza

Asante mkuu. Nimeiangalia, na hilo la kuongea na mzimu limenivutia sana. Shida ni kwamba kila mchezaji anahitaji kompyuta yake, na sisi tuna moja. Tena sidhani kama hii yetu itaibeba. Naiweka kwa siku za mbele.

Kandili

Dada, swali lako limenirudisha mbali, kwa sababu nina mdogo wangu wa kike ambaye ni kama huyo wa kwako.

Miaka kadhaa iliyopita tulicheza Amnesia: The Dark Descent. Ni gemu ya 2010 ya Frictional Games, kampuni ya Sweden. Unaamka ndani ya kasri huko Prussia, mwaka 1839, hukumbuki kitu, na unakuta barua uliyojiandikia mwenyewe. Silaha huna. Una kandili, mafuta kidogo na viberiti vya kuokoteza. Ukikaa gizani akili inaanza kukuruka, ukiwasha taa unaonekana. Hata mlango hufungui kwa kubonyeza tu: unaushika kwa kipanya na kuuvuta kwa mkono wako, na ukitetemeka, mlango nao unatetemeka.

Kuna mahali chini ya kasri pamejaa maji. Ndani ya maji mna kitu kisichoonekana. Unachoona ni maji yakiruka pale kinapokanyaga, chubwi, chubwi, yakija upande wako, nawe unaruka kutoka sanduku moja hadi jingine. Mimi nilikuwa na kipanya. Mdogo wangu alikuwa nyuma yangu, amejifunika shuka usoni, anasikiliza tu. Nilipovuka ule mlango wa mwisho nilikuwa salama kabisa, hata nilitaka kurudia. Nikageuka, nikamkuta anatetemeka na shuka ameikunja mkononi. Mimi niliyeona nilikuwa na kazi ya kufanya: sanduku lile, kisha lile, kisha mlango. Yeye hakuwa na kazi yoyote. Alikuwa na sauti ya maji na pumzi zangu, na yote mengine aliyachora mwenyewe kichwani.

Usiku uliofuata nilimpa daftari. Kazi yake ikawa kuhesabu viberiti na mafuta, na kuniambia lini niwashe na lini nizime. Tulimaliza gemu ile pamoja, na kufikia mwisho yeye ndiye aliyekuwa ananituliza mimi.

Kwa hiyo kabla sijakutajia gemu: mpe mdogo wako kazi. Usimwambie afumbe macho, na usimpe zamu ya kibodi kama hataki. Mpe kazi ambayo bila yeye ninyi wawili hamuendi popote.

Na gemu inayofaa kwa hilo ni Iron Lung, ya David Szymanski, ya 2022. Wewe ni mfungwa. Umefungiwa ndani ya nyambizi ndogo, imeshushwa kwenye bahari ya damu huko kwenye mwezi wa mbali, na kidirisha chake kimezibwa kwa chuma. Huoni nje hata chembe. Una ramani yenye alama, una namba zinazokuambia uko wapi na umeelekea nyuzi ngapi, na una taa zinazolia ukikaribia mwamba. Ukifika kwenye alama unaenda nyuma ya nyambizi, unabonyeza kitufe, kamera inapiga picha ya nje, na picha inajichora kwenye skrini, nyeusi na yenye chembechembe. Hicho ndicho utakachokiona cha nje.

Sasa gawaneni kazi. Mmoja ashike kipanya. Mmoja akae na karatasi: anakili ramani, anapiga hesabu, anasema "geuka hadi nyuzi tisini, songa mbele, simama." Wa tatu kazi yake ni masikio, kutaja kila mlio na umetoka upande gani. Tuliicheza hivyo, na yule mwenye karatasi ndiye nahodha, hata kama hagusi kibodi. Inaisha kwa muda wa saa moja hivi. Kompyuta yoyote inaibeba, maana michoro yake ni ya kizamani kwa makusudi.

Nikuambie ukweli, mwishoni kuna mkurupuko. Mmoja. Mwambie kabla hamjaanza, na aamue mwenyewe.

Baada ya hapo, kwa saa zinazobaki, wekeni Return of the Obra Dinn. Ni ya Lucas Pope, ilitoka Oktoba 2018. Meli ya biashara iliondoka 1802 na watu 60 ndani, ikarudi 1807 ikielea bila mtu hai. Wewe ni mkaguzi wa bima, na una saa ya mfukoni. Ukiikaribia maiti na kuifungua saa ile, skrini inakuwa nyeusi na unasikia sekunde za mwisho za mtu huyo: hatua, kelele, neno moja, kisha mlio wa kile kilichomuua. Halafu picha inafunguka, kila kitu kimeganda, nawe unatembea katikati ya kifo chake kama mtu anayetembea ndani ya picha ya ukutani. Unatakiwa ujue kila mmoja ni nani na amekufaje. Kitabu cha gemu kinakubali majibu kwa mafungu ya watatu watatu, kwa hiyo huwezi kubahatisha mmoja mmoja.

Hakuna kinachokukimbiza, wala huwezi kufa. Lakini zile sekunde za giza kabla picha haijafunguka zilitunyamazisha chumba kizima, kila mara. Na ni gemu ya kubishana: huyu ana lafudhi ya wapi, yule mbona amevaa hivi, hawa wawili kwa nini kila mara wako pamoja. Mtu anayesoma sana hadithi, kama mdogo wako, hapo ndipo uwanjani kwake. Michoro yake ni ya rangi mbili tu, na laptopu yangu isiyo na kadi iliibeba bila shida. Usiku mmoja hautoshi kuimaliza, jiandaeni kwa hilo.

Nyingine naitaja haraka: Oxenfree ya 2016, vijana kisiwani, redio ndogo unayoizungusha kutafuta sauti zisizotakiwa kuwapo. Mazungumzo hayakungoji, ukichelewa kujibu umenyamaza, kwa hiyo watatu mtagombania jibu.

Na usione laptopu yenu ni kikwazo. Silent Hill ya 1999 ilijaa ukungu kwa sababu PlayStation ya wakati ule haikuweza kuchora mji hadi mbali, na ukungu ule ndio watu wanaoukumbuka mpaka leo. Unyonge wa mashine hauondoi hofu hata kidogo.

MlinziWaZamu

Namheshimu Kandili ila hapa sikubaliani naye kwa moja. Amechagua magemu ambayo hakuna anayekuwinda kwa akili, na kwangu hiyo ndiyo hofu yenyewe. Alien: Isolation, ya Creative Assembly, Oktoba 2014, mpaka leo sijaona mfano wake.

Nieleze kwa nini. Zimwi la gemu ile halitembei njia iliyopangwa. Limeundwa kwa akili mbili. Moja iko juu, inajua ulipo wakati wote, lakini haimwambii zimwi moja kwa moja, inalidokezea tu eneo la kutafuta. Ya pili ni ya zimwi lenyewe, na hiyo inategemea macho na masikio yake. Ndiyo maana unajihisi unawindwa na kitu hai: kinakuja karibu na ulipo, kinatafuta, kinakosea, kinarudi. Umejificha kwenye kabati la chuma, unaona miguu yake kupitia mianya, inasimama, na unatakiwa uegemee nyuma na kuzuia pumzi.

Na kusevu. Huwezi kusevu popote utakapo. Unatafuta kile kisanduku cha ukutani, unaingiza kadi, unangoja taa tatu ziwake moja baada ya nyingine. Hazizidi sekunde chache, lakini ukiwa pale mgongo wako uko wazi, na kifaa cha mkononi kinachonasa kitu kinachosogea karibu kinaanza kulia. Nimewahi kuchomoa kadi kwenye taa ya pili na kukimbia.

Huko kushikwa kunauma kwa sababu umekuona kunakuja. Ni tofauti na kitu kuruka bila sababu. Dada, mdogo wako huenda akaipenda.

Kandili

MlinziWaZamu, kuhusu gemu yenyewe hatubishani, kwangu iko kwenye tatu bora. Zile taa tatu nazikumbuka vizuri. Lakini kwa laptopu isiyo na kadi ya grafiki itakwamakwama, na hofu ikikatika kila sekunde mbili inageuka kero. Jambo lingine, ni gemu ya mtu mmoja kweli kweli. Wawili wanaotazama hawana la kufanya, na huyo kijana atarudi palepale pa mdogo wangu na shuka.

Kama wanataka kuwindwa, Darkwood ya 2017 ni nyepesi zaidi kwa mashine. Inatazamwa kutoka juu, na unaona vizuri upande uliogeukia tu. Mchana unaokoteza msituni. Jua likielekea kuzama unarudi nyumbani, unapiga mbao dirishani, unasukuma kabati mlangoni, unatia mafuta kwenye jenereta. Halafu unasimama kwenye kona na kungoja asubuhi. Usiku wangu wa pili sikuona kitu chochote. Nilisikia kiti kikiburutwa kwenye chumba cha pili. Nikageuka, mlango niliokuwa nimeufunga uko wazi. Basi, hakuna kingine kilichotokea hadi kulipokucha, na nilikuwa nimebana kipanya mpaka vidole vinauma. Walioitengeneza, vijana wa Poland, walikusudia tangu mwanzo kutotegemea kukurupusha watu. Na ilipotoka waliiweka wenyewe kwenye torenti, ile njia ya watu kupeana mafaili mtandaoni, bila malipo kwa ajili ya wasio na uwezo wa kuinunua, jambo lililonifanya niwaheshimu zaidi.

Mama_Pacha

Naomba niongeze kwa wanaosoma hapa wakiwa na watoto wadogo, maana naona wote mnaongelea mashimo ya giza. Costume Quest ya Double Fine, 2010, ni Halloween yenyewe: ndugu wawili wametoka kugonga milango ya majirani wakiwa wamevaa mavazi yao, mmoja anatekwa na mazimwi, mwingine anaenda kumtafuta. Kwenye mapigano yale mavazi ya maboksi yanageuka kuwa ya kweli, mtoto aliyevaa roboti anakuwa roboti kubwa kama ghorofa. Wanangu walipiga makofi. Na kwa watu wazima wanaotaka wafu bila hofu, kuna Grim Fandango ya 1998, iliyorudishwa upya 2015: mifupa yenye suti, wakala wa safari kwenye nchi ya wafu. Dada, hii ukimaliza Obra Dinn.

Dada_wa_Kwanza

Nimesoma yote mara mbili. Ile habari ya shuka imenifanya nikae kimya muda. Mwaka jana nilimwambia mdogo wangu, "Ukiogopa fumba macho." Nilidhani namsaidia.

Kandili, maswali mawili. Nitajuaje kama laptopu yetu inabeba Obra Dinn kabla ya usiku wenyewe? Na sauti: hedifoni moja watu watatu haiwezekani, spika za laptopu zinatosha?

Kandili

Kuhusu mashine, ukinunua Steam, lile duka la magemu la mtandaoni, wanakurudishia pesa ukiomba ndani ya siku 14 na ukiwa umeicheza kwa jumla ya muda usiofika saa mbili. Nunua siku chache kabla, cheza dakika kumi peke yako, ikikwama irudishe. Angalia pia mwishoni mwa Oktoba, huwa wanafanya punguzo la magemu ya kutisha.

Kwenye sauti, usitumie spika za laptopu. Zinameza sauti nzito, na sauti nzito ndiyo kila kitu: ule mngurumo wa nyambizi ukibanwa na maji hutausikia kabisa. Tafuta spika yoyote ya nje, iwe ya waya ikiwezekana, iweke nyuma yenu, isiwe mbele. Sauti kiasi cha mazungumzo. Ukiipandisha sana, kila kishindo kinakuwa mkurupuko, hata ambacho mtengenezaji hakukikusudia. Hii naamini ndiyo iliyomwondoa mdogo wako mwaka jana zaidi ya gemu yenyewe: hedifoni, sauti juu kabisa.

Mwanga wa skrini nao uacheni kama gemu inavyoelekeza mwanzoni. Watu wengi huupandisha ili waone kila kona, halafu wanalalamika kwamba gemu haitishi. Na karatasi iwe kubwa, na penseli, msitumie kalamu ya wino. Atafuta sana.

Dada_wa_Kwanza

Wakuu, ni asubuhi ya Novemba mosi, sijalala vya kutosha lakini lazima niwaandikie.

Nilimwita mdogo wangu nikamwambia ukweli: kuna gemu ya saa moja, kuna mkurupuko mmoja mwishoni, nahitaji mtu wa ramani kwa sababu sisi wawili hatuwezi hesabu za pembe. Hakujibu. Saa tatu kasoro alikuja na rula.

Sikufikiria rula. Alinakili ramani ya Iron Lung kwenye karatasi kubwa, akachora mistari, akaweka alama kwa penseli kila tuliposimama. Huyo wa kati alikuwa kwenye kipanya, mimi nikawa masikio. Kwa dakika ishirini za kwanza hakuna aliyeongea isipokuwa yeye. "Nyuzi mia na kumi. Mbele. Mbele. Simama." Sauti yake ilikuwa shwari kabisa. Kuna wakati spika ilitoa kishindo nyuma yetu, mimi nikaruka kwenye kiti, huyo wa kati akaachia kipanya, na yeye, kichwa kimeinamia karatasi, akasema, "Sicho chetu. Tuko mbali na ukuta. Piga picha."

Tulipiga picha. Ilivyokuwa inajichora, ile mistari ikishuka polepole, aliinua kichwa kwa mara ya kwanza, akasogea hadi bega lake likagusa langu. Sitasema kilichokuwamo, msije mkaharibikiwa. Alikitazama muda mrefu, kisha akarudi kwenye karatasi na kuchora duara jekundu mahali pale.

Tulipokaribia mwisho nilimkumbusha kuhusu ule mkurupuko. Akaniuliza, "Baada ya alama hii?" Nikamwambia nadhani ndiyo. Akaziba sikio moja kwa kiganja, mkono wa pili ukabaki kwenye ramani. Ulipokuja, tulipiga kelele sote watatu. Halafu tukacheka hadi huyo wa kati akakohoa.

Obra Dinn tuliianza saa nne na nusu, tukaiacha saa tisa na dakika kumi. Laptopu ilipata moto lakini haikukwama. Kandili, ulisema kweli kuhusu zile sekunde za giza. Mara ya kwanza saa ilipofunguka na tukasikia sauti za watu tusiowaona, mdogo wangu alinyanyua mkono kutuzuia tusiongee, kama vile watu wale wangetusikia. Tumethibitisha watu 21 kati ya 60. Kumi na wawili kati yao aliwajua yeye, na mmoja alimjua kwa viatu tu. Alibishana na kaka yake nusu saa nzima kuhusu maiti moja na akashinda.

Darkwood nimeinunua pia, ila nimeiweka kwanza. MlinziWaZamu, siku tukipata mashine nzito nitakutafuta, maana nilimsimulia zile taa tatu na akaniuliza maswali mengi.

Nimeamka sasa hivi nikakuta laptopu imefungwa, na juu yake kuna ile karatasi ya ramani imegeuzwa upande wa nyuma. Ameandika majina ya mabaharia kumi na tisa kati ya wale ambao bado hatujawapata, mbele ya kila mmoja ameweka anayemshuku, na chini kabisa, kwa penseli ileile: "Msiifungue bila mimi."